Siku Mzee Wendell Alipomsubiri Hosea Uwanjani

Haya, mmenibana niseme, nasema, ila anayetaka kucheka acheke sasa hivi mwanzoni kwa sababu huko mbele mtashindwa, na mimi mwenyewe hadi leo nikipita ile barabara ya Temple Hills yenye uwanja wa watoto nageuza shingo naangalia upande wa pili. Nimeaibika maishani, sikatai. Niliwahi kuanguka na keki ya harusi ya watu ukumbini kule Wheaton, mbele ya bwana harusi na kamati nzima, nikanyanyuka na krimu mpaka puani. Lakini ile ilikuwa keki. Hii ni habari ya mtu na rafiki yake, na aliyeiharibu ni mimi, kwa mdomo wangu huu huu ambao mnasema hauwezi kukaa kimya (siku ile moja uliyotakiwa kusema, ukakaa kimya).

Kazi yangu mnaijua, nahudumia wazee majumbani mwao, nawaogesha, nawapikia, nawapa dawa, na zaidi ya yote nakaa nao tu. Mzee Wendell nilikabidhiwa baada ya mkewe kufariki. Mweusi wa hapa hapa Marekani, ameshavuka miaka tisini, mrefu mpaka kitanda chake ilibidi tukiongeze stuli miguuni, na vidole vyake virefu, vimepinda kila kimoja na upande wake. Nilimfundisha shikamoo na marahaba, akaipenda marahaba kupita kiasi, akawa ananijibu hata sijamwamkia. Nikifungua mlango tu nasikia kutoka chumbani, "Marahaba!" Na mimi namwitikia kwa mbali, "Ngoja basi nisalimie kwanza, Babu."

Sasa huyu mzee alikuwa mcheza besiboli, na si wa kucheza mtaani, wa kulipwa, enzi zile ambazo mtu mweusi hakuruhusiwa kucheza timu moja na mzungu, wakawa na timu zao wenyewe na ligi zao wenyewe. (Mimi besiboli sikuijua kabisa, niliona ni mchezo wa watu kusimama kwenye majani wakisubiri kitu.) Yeye alikuwa mrushaji, na rafiki yake Hosea alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuudaka mpira unaompita. Wawili hao walianza pamoja wakiwa vijana wadogo, wakazunguka nchi hii kwa basi, wanacheza mchana mji huu na jioni mji mwingine, wanalala humo humo kwenye viti kwa sababu hoteli haziwapokei, na chakula wanapewa kwenye dirisha la nyuma la mgahawa wenyewe wamesimama mvuani. Basi timu kubwa za wazungu zilipoanza kuchukua weusi mmoja mmoja, akaja bwana mmoja mwenye kofia nzuri, akamtazama Wendell akirusha, akamwambia, kijana, wewe bado kidogo, ngoja msimu ujao tutakuita. Akangoja. Msimu ukaja, akaambiwa ngoja tena. Bega likamharibikia huku anangoja, ligi yao ikafa, akaja huku akaendesha basi la abiria mpaka akastaafu. Hosea akawa fundi bomba.

Kilichokuwa kinamuuma si umaskini wala nini. Kilichokuwa kinamuuma ni kwamba watu wote waliowahi kuwaona wakicheza walikuwa wameshakufa, wamebaki wao wawili tu, mmoja ndiye shahidi wa mwenzake. Kwa hiyo walikuwa wameahidiana kwamba atakayetangulia, mwenzake atasimama mbele ya jeneza lake na kuwaambia watu huyu alikuwa nani. Aliniambia hilo mara nyingi mno, nikimkata kucha, nikimpaka mafuta magoti. "Watoto wake wanamjua fundi bomba," alikuwa akisema. "Mimi ndiye ninayemjua Hosea." Na kila Jumapili baada ya ibada simu ya mezani ilikuwa inalia, ni Hosea, wanaongea saa nzima mambo ya ovyo ovyo tu, nani alikuwa mwongo kwenye basi, nani aliiba kuku.

Baridi ilipoanza kuondoka mwaka huu, wazazi wa pale Temple Hills wenye timu ya watoto wakaamua kuwaheshimu wazee hawa. Siku ya kufungua msimu, Wendell atarusha mpira wa kwanza na Hosea ataudaka, kama zamani. Jamani, yule mzee alirudi utoto! Akaanza mazoezi sebuleni. Anakunja soksi zake zinakuwa mpira, mimi ananikalisha kwenye kiti karibu na friji, ananirushia. "Inua mikono, Rehema. Hosea magoti yake mabovu, hataweza kuchuchumaa, lazima nimletee kifuani." Soksi ikinipiga usoni anacheka mpaka anakohoa.

Sasa ndipo Jumatatu moja, mzee amelala usingizi wa mchana, simu ya mezani ikalia, na haikuwa Jumapili. Alikuwa Denise, binti wa Hosea.

"Miss Rehema," akasema, "Baba ametuacha leo alfajiri."

Nikasema pole, nikasema pole tena, nikakaa chini.

"Mazishi ni Jumamosi. Naomba umwambie Anko Wendell, sisi wenyewe hatuna nguvu. Yeye ndiye atakayezungumza, nimeshampangia nafasi yake."

"Nitamwambia," nikasema. Na nilikuwa na nia ya kumwambia, nawaapia.

Ilikuwa niingie chumbani, nimwamshe, niseme. Basi. Lakini mimi ni mtu wa Muheza, na kwetu habari ya kifo humpi mtu akiwa peke yake, tena mzee, tena ndio kwanza anaamka, mguu mmoja una soksi mwingine hauna. Baba yangu alipofariki sikuambiwa baba amefariki. Niliambiwa njoo nyumbani, baba anaumwa kidogo, nikatoka Dar na nanasi la kumpelekea mgonjwa, nikafika nikakuta turubai limeshafungwa, wanawake wakanipokea nanasi, wakanishika huku na huku, shangazi akaniambia, nikaanguka kwenye mikono ya watu. Hivyo ndivyo ninavyojua mimi kupewa msiba. Mtu akianguka, aanguke kwenye mikono. Na pale nyumbani mikono ilikuwa yangu tu.

Nikampigia Mama Furaha, yule mama wa Bukavu tunayepokezana naye shifti, mtu mzima, ana busara zake. Akaniambia vile vile: "Apana, dada! Kwetu muzee hatumuambiake kifo vile. Tunangoyaka kwanza batu bafike. Mwite mutoto wake." Mnaona? Na mwenzangu alikuwa anafikiri kama mimi. Nikajiona niko sahihi kabisa.

Basi nikangoja. Jumatatu jioni nikaona amechoka. Jumanne alikuwa na furaha mno, nikasema nitamharibiaje furaha. Jumatano akashinda anauliza kofia gani avae siku ya uwanjani. Alhamisi jioni nikaona huyu bila damu yake kuwepo sitaweza, nikachukua simu nikamwandikia Calvin, mwanawe wa pekee, yuko California huko, nikaandika kama ambavyo ningeandikiwa mimi: Baba yako anaumwa kidogo. Usiogope. Ukiweza, njoo.

Wee! Kwetu ukipata ujumbe wa namna hiyo hata huulizi, unakaa kitandani unalia, halafu unatafuta tiketi. Calvin ni Mmarekani. Calvin alisoma neno kwa neno kwamba baba yake anaumwa. Akapiga simu yangu, nimeiacha kwenye koti. Akapiga ya mezani, hiyo nilikuwa nimeichomoa waya (niliogopa watu wasije wakampigia mzee kumpa pole kabla sijasema), nikamwambia mzee laini zina matatizo mtaa mzima. Basi Calvin akaona baba anakufa na mhudumu kakimbia, akaita gari la wagonjwa.

Asubuhi hiyo ilikuwa Ijumaa, nimemwekea mzee mayai mezani, nikasikia ving'ora, nikachungulia dirishani nikasema maskini, nani tena huyo. Tukaona gari la wagonjwa na gari la zimamoto nyuma yake yanasimama mlangoni kwetu. Wakaingia wanaume wanne na machela. Mzee Wendell ana uma mkononi anawatazama.

"Mimi mzima," akasema.

"Ndiyo, bwana," wakamjibu, huku wanamfunga kile kitambaa cha kupima presha.

Presha lazima itapanda, jamani! Mtu umevamiwa na mayai yako mdomoni! Ikapanda, wakasema hapana, huyu hatumwachi, wakamchukua anapiga kelele kofia yangu, nipeni kofia yangu. Kule hospitali wakasema kwa umri wake watamwangalia mpaka Jumapili, na Calvin wakamwambia hakuna hatari, akatulia huko huko California. Na mgonjwa kitandani, nyaya za mashine zimemning'inia kifuani, humwambii msiba. Hata ninyi msingemwambia.

Denise akanipigia Ijumaa hiyo jioni kuuliza mzee atafikaje, nikasema yuko hospitali. Akaanza kulia. "Ni habari ya Baba, siyo? Imempiga vibaya." Hapo ningeweza kusema hapana, Denise, mzee hajui lolote, njoo tusaidiane. Nikasema ndiyo. Neno moja tu. Akasema basi msimguse, msimtajie, tutamzika Baba wenyewe. Na wale wazazi wa uwanjani wakaambiwa vivyo hivyo, mzee ameumia sana, mtu asimtajie Hosea. Kwa hiyo nilivyoufunga mlango upande wangu, na wao wakaufunga upande wao.

Jumamosi wakamzika Hosea. Mimi niko hospitali nimekaa kwenye kiti, Mzee Wendell anabishana na nesi kwamba jeli si chakula. Saa ya mazishi ilipofika nikaenda chooni nikafungulia maji, nikalia. Nilijua kabisa kwamba nafasi ya kusimama mbele ya lile jeneza inapita na hairudi. Halafu nikanawa uso, nikarudi, akaniuliza, "Macho yako yamefanya nini?" Nikasema vumbi.

Tukarudi nyumbani. Jumapili hiyo simu, ingawa nimeshairudishia waya, haikulia, nikamwambia Hosea ana mafua, sauti imekauka. Akasema, "Mwambie anywe whiski na limao." Nikasema nitamwambia. Akarudi kwenye soksi zake, kifuani, kifuani, na kila soksi niliyodaka nilitamani initoboe.

Nikasema sasa hapana, yatosha. Kabla ya sherehe nitakusanya watu, nitafanya kama inavyotakiwa. Ijumaa alasiri nikawaita Mama Furaha na wanawake wenzake watatu wa kanisani kwao, na mchungaji mmoja Mkenya, mtu mpole, nikapika pilau, nikachemsha chai, wakaja na vitenge vyao wamejifunga viunoni, wamenuna kama inavyostahili. Mzee Wendell akatoka chumbani akaona sebule imejaa. Ninyi, uso wake uling'aa! Akasema, "Rehema, umewaita kuja kunipongeza?" Na kabla mtu hajafungua mdomo akakaa katikati akaanza kusimulia, siku Hosea alipodaka mpira kwa mkono mtupu kwa sababu glavu ilikuwa imechanika, na jinsi kidole kilivyovunjika na akamaliza mchezo hivyo hivyo, na hakumwambia mtu mpaka wako kwenye basi. Wale akina mama wa watu hawakujua wacheke au walie. Mama Furaha akajifunika kitenge usoni.

Nikamtazama mchungaji. Mchungaji akatazama sahani yake. Nikamkonyeza. Akasimama, akakohoa, akasema, "Mzee, tumekuja hapa leo kwa sababu ya rafiki yako Hosea..."

"Kesho mtamwona!" mzee akasema. "Kesho mtamwona kwa macho yenu!"

Mchungaji akasema tuombe. Akaomba, maombi marefu ya kumshukuru Mungu kwa urafiki, akasema amina, akachukua koti lake. Mlangoni akaninong'oneza, "Aki Dada Rehema, sijaweza. Woiye, anaonekana na furaha sana." Nikabaki na sufuria la pilau na mzee anayepiga mluzi.

Ndio Jumamosi ikafika. Jua zuri, watoto wamevaa jezi zinawafika magotini, wazazi wamejaa kwenye mabenchi, maputo, harufu ya soseji. Nilikuwa nimepanga nimwambie kwenye gari, nikashindwa, nikapanga nimwambie tukiegesha, wakaja watu kumpa mkono. Wakamkalisha kiti cha heshima katikati ya uwanja. Pembeni yake kiti kingine, kina shada la maua juu yake, kitupu.

"Hosea yuko wapi?" akaniuliza.

Mnajua nilisema nini? Nilisema lile neno ambalo sisi sote tunalisema tukiwa bado tuko bafuni. Nikasema, "Yuko njiani, Babu."

Akatoa lile shada kwenye kiti akaniambia nilishike, Hosea asije akalikalia. Nikalishika. Nimesimama mbele ya watu wote hao nimekumbatia maua ya marehemu.

Yule bwana wa kutangaza akasema maneno mazuri, kisha akampa mzee kipaza sauti amsalimie kila mtu. Mzee Wendell akasimama kwa mkongojo wake. Akawashukuru watoto. Akamshukuru Mungu. Halafu akasema, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye maegesho:

"Naomba tusianze kwanza. Rafiki yangu Hosea amechelewa kidogo. Mhudumu wangu ameongea naye, yuko njiani. Mimi simrushii mtu mwingine. Tumsubiri."

Watoto wakaacha kukimbizana. Kuna mama mmoja alikuwa anafungua pakiti ya chipsi akaacha katikati. Nikamwona Denise ametoka kwenye benchi la mbele, amevaa nyeusi, anakuja taratibu kwenye majani, ananitazama mimi, na kadiri anavyokuja ndivyo alivyokuwa anaelewa. Sijawahi kutazamwa vile. Akapita bila kunisemesha, akapiga magoti mbele ya mzee, akamshika mkono.

"Anko Wendell," akasema, "Baba amefariki. Tumemzika Jumamosi iliyopita."

Na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi kwa mzee, kimewashwa. Kila mtu akasikia.

Mzee akakaa. Akamtazama Denise, halafu kiti kile kitupu, halafu akasema pole pole, kama mtu anayehesabu jambo kichwani, "Jumamosi iliyopita nilikuwa hospitali. Nilikuwa siumwi kitu." Halafu akageuza kichwa akanitazama mimi.

Hapo ndipo mwenzenu nilipomalizia kujiaibisha, maana ilikuwa haijatosha. Badala ya kwenda kwake, badala ya kusema samahani kama mtu mzima, nikapiga yowe. Yowe la kwetu kabisa, mikono kichwani, "Uwiii, Hosea weee! Mamangu weee!" maua yameruka huko, kitambaa kimevuka kichwani, nikajitupa chini kwenye majani. Na hakuna aliyenidaka, huku watu hawajazoea. Wakaogopa. Wakaja wahudumu wa huduma ya kwanza mbio, wakaniwekea mto chini ya kichwa, wakanimulika tochi machoni, bibi mmoja akawa ananipepea na kofia akimwambia mwenzake maskini, atakuwa binti wa marehemu. Binti wa marehemu yuko pale amepiga magoti hata chozi halijamtoka! Watu wote wamenizunguka mimi. Nilipoinua kichwa, kati ya miguu ya watu nikamwona Mzee Wendell kwenye kiti chake, ameshika mpira pajani, na hakuna mtu aliyemkaribia isipokuwa Denise. Msiba ulikuwa wake, nami nikamnyang'anya hata huo.

Yule bwana wa kutangaza, mtu mwema, alimwinamia akamuuliza kama angependa kusema machache kuhusu Hosea, watu wako hapa, wako tayari kusikiliza. Mzee akatikisa kichwa. "Maneno yale yalikuwa ya kusemwa akiwa mbele yangu," akasema. Akamrudishia kipaza sauti na mpira pia. Hakurusha. Watoto wakaanza mchezo wao hivyo hivyo, kimya kimya.

Tukarudi nyumbani. Nilimpeleka chumbani, nikamvua viatu, nikasema, "Nisamehe, Babu." Akageukia ukutani.

Kesho yake nilikwenda nimejiandaa kufukuzwa, hata vyombo vyangu vya plastiki nilipanga nivikusanye. Nikafungua mlango, hakukuwa na marahaba. Nilimkuta sebuleni amekaa kwenye kiti kile changu cha karibu na friji. Akaniambia niketi. Nikaketi sakafuni.

"Yule bwana wa kofia," akaanza, "unamkumbuka? Yule aliyeniambia ngoja. Miaka mingi nilifikiri alikuwa ananidharau. Baadaye nikaelewa alikuwa ananihurumia. Aliona akiniambia hapana nitaumia, akaona ngoja ni laini zaidi. Lakini hapana ningeimeza, Rehema. Ningelia wiki moja nikaenda kutafuta maisha yangu, bega langu likiwa zima. Ngoja ndiyo iliyonila. Maisha yangu yote watu wamekaa pembeni wakiamua mimi naweza kubeba nini. Na wewe uliyekuwa unaniogesha, na wewe pia."

Nikamweleza. Nikamweleza habari ya baba yangu, na nanasi, na wanawake waliosimama tayari kunidaka. Nilimweleza yote nikilia, si kile kilio cha uwanjani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nanasi ulilifanya nini?" Nikasema sijui, Babu, sikuliona tena. Halafu akasema, "Na wewe hukuumia kwamba wote walijua isipokuwa wewe? Njia nzima kwenye basi, na wewe umepakata tunda?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza swali hilo tangu baba yangu afariki, nawaambia ukweli, na liliniuma mahali ambapo sikujua kama panauma.

Denise alimpeleka mzee kaburini wiki ile. Mimi niliendesha, nikaambiwa nibaki garini, nikabaki. Nilimwona kwa mbali amevua kofia, anaongea na ule udongo, mkono wake ukipanda na kushuka kama anayeonyesha mtu jinsi ya kushika mpira, na alisimama sana mpaka Denise akamletea kiti. Alichosema sikijui na sitauliza. Hakukuwa na umati wa kusikia kwamba Hosea alikuwa nani, na hao ndio waliotakiwa wasikie. Hilo sitalirekebisha hata nikiishi miaka mia.

Hakunifukuza. Alinipa sharti moja, kwamba kila asubuhi, kabla ya chai, nimwambie kila ninachojua kinachomhusu, kibaya kwanza. Nikaanza na vitu vidogo. Babu, maziwa yamechacha. Babu, jirani amegonga sanduku lako la barua. Marahaba ilirudi siku moja, bila mimi kuitegemea, nikaganda pale mlangoni na mifuko ya sokoni mkononi.

Halafu mwezi uliopita Calvin akanipigia. Madaktari walikuwa wamempigia yeye kwanza, maana ndiye anayesaini mambo ya baba yake. Moyo wa mzee umechoka, hakuna cha kufanya, labda atafika siku za baridi, labda hatafika. Calvin alikuwa analia. Na baada ya kulia akasema, "Rehema, tafadhali usimwambie. Nitakuja mwisho wa mwezi, tutamwambia pamoja. Asiwe peke yake." Jamani, mtoto wa California, maneno yale yale ya Mama Furaha! Ningeweza kumkumbatia kupitia simu. Nikamwambia, "Calvin, njoo, njoo haraka. Lakini mimi siwezi kungoja."

Nikakata simu, nikasimama koridoni. Hakuna mchungaji, hakuna mama wa kanisani, hakuna wa kudaka. Nikaingia. Alikuwa anatazama mchezo kwenye televisheni, nikazima sauti, nikasema kwa pumzi moja, "Babu, madaktari wanasema moyo wako umechoka na hawawezi kuutibu, na huenda usimalize mwaka." Nikabaki nimesimama, mikono nimeinyoosha mbele kama mjinga, sijui nilifikiri ataangukia wapi.

Hakuanguka. Alinitazama, akatazama televisheni isiyo na sauti.

"Ndiyo yote?" akauliza.

"Ndiyo yote, Babu."

"Nani mwingine anajua?"

"Calvin. Amesema nisikwambie mpaka aje."

Mzee Wendell akafumba macho. Nikamshika mkono, vile vidole vilivyopinda kila kimoja na upande wake, akanibana mpaka nikaumia. Mimi habari ya mtu siikalii tena, hata iniunguze ulimi, hata nionekane sina adabu, na mkinitumia ujumbe kwamba fulani anaumwa kidogo nitawapigia niwaulize waziwazi kama amekufa, msinichukie. Alipofumbua macho aliomba nimpe simu, halafu akaghairi, akanirudishia.

"Mpigie wewe," akasema. "Mwambie nimeshajua. Asije njia nzima anatafuta maneno."